Kwa Hazina: Nitrojeni Isiyo na Stakabadhi

Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: KUPOTEA KWA MALI YA UMMA KATIKA MILIMA YA ULUGURU



Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika kutoka Morogoro, mji kasoro bahari, kuripoti upotevu. Ningekwenda kituo cha polisi kuchukua RB, lakini RB hutolewa kwa mtu anayejua kimepotea nini na kiasi gani, na hapo ndipo penye shida.

Mali yenyewe inaitwa nitrojeni. Ni ya Serikali, walau kwa sehemu, maana Serikali ndiyo iliyoilipia ruzuku. Tangu msimu wa 2022/23, bei za dunia zilipopaa, mfuko wa mbolea umepata vitambulisho ambavyo raia wengine wanavitamani. Mkulima anaandikishwa kijijini, jina lake linaingia kwenye mfumo, anapewa namba, anakwenda nayo kwa wakala, simu inalia, mfuko unatoka. Nakupongeza kwa dhati, na hapa sina kejeli. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una nitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23, na ukitaka kujua kilo hizo zimetoka kwa wakala gani kwenda kwa mkulima gani, unabonyeza tu.

Kisha mkulima wa Mgeta, huko juu mlimani, anaitia kwenye kabeji kama mbolea ya kukuzia. Usiku huohuo masika inashuka. Kuanzia hapo, Mheshimiwa, mfumo wako umelala.

Kabeji inakula sehemu yake, na si kubwa sana: ukichukua mashamba ya dunia nzima, mazao hufaidi takribani nusu tu ya nitrojeni yanayotiliwa. Inayobaki nyingine hupaa hewani, nyingine hugeuka nitrati, ambayo huyeyuka upesi na udongo hauwezi kuishika, ikateremka na kijito. Ya Mgeta huingia mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam, kwa hiyo sehemu ya ruzuku yako inaweza kukurudia kwenye chai ukiwa huko kikazi. Ya upande wetu hupita Mzinga, Mlali na Ngerengere hadi Bwawa la Mindu, ambako mji huu huchota. Kwa lugha ya ofisi yako: malipo yamefanyika, mzigo umepokelewa, nusu ya mzigo haionekani ghalani, na hakuna hoja ya ukaguzi iliyoandikwa.

Najua maofisa wako watauliza kwanza kama Uluguru ina ziwa, kwa sababu huko duniani zipo fedha za kuchunguza nitrojeni kwenye maziwa ya milimani. Jibu ni hapana. Tuna kilele cha Kimhandu kinachopita mita 2,600, tuna uwanda wa Lukwangule, tuna msitu uliotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, tuna ndege na vyura wasiopatikana popote pengine. Ziwa tumekosa, kama tulivyokosa bahari. Ila Serikali ilituhurumia ikatujengea moja, hilo la Mindu, likakamilika miaka ya 1980, na ikaliweka chini ya mlima ili chochote kinachodondoka juu kisipate taabu ya kulitafuta.

Wenzetu wa Marekani wana bonde liitwalo Loch Vale, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rocky huko Colorado. Hakuna anayelima kabeji pale. Ni mawe, theluji na maziwa madogo yenye maji baridi meupe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti, mmoja wao mama aitwaye Jill Baron, walianza kupima mvua, theluji na maji ya bonde hilo, na hawakuacha. Wakagundua kwamba nitrojeni ya mashamba, mazizi na magari ya tambarare ilikuwa inapanda na upepo na kudondoka juu huko, kama kilo tatu kwa hekta kwa mwaka. Wakachimba tope la chini ya maziwa hayo wakaona viumbe vidogo vya majini vilianza kubadilika tangu miaka ya 1950. Mwaka 2007 hifadhi ile, jimbo la Colorado na mamlaka ya mazingira ya nchi yao wakakubaliana wapunguze hadi kilo moja na nusu. Kilo tatu, Mheshimiwa! Hiyo ni nitrojeni ya mfuko wa yurea uliojaa chini ya robo. Kule Nyandira, Mgeta, mtu anabeba zaidi ya hiyo begani na bado anasalimia watu njiani.

Sisemi tuwe kama wao. Wao wameshiba, sisi tunatafuta chakula, na mlima usiotiwa mbolea hauzai kabeji za kujaza Fuso. Ninachowaonea wivu ni kwamba walikuwa na kitabu cha miaka ishirini na zaidi, kila wiki imeandikwa, hivyo walipokaa mezani walikuwa na kitu cha kuonyesha.

Sisi tunacho nini? Tope tunalo. Mindu imejaa tope hadi kila bajeti inalitaja. Ndani ya tope hilo, tabaka juu ya tabaka, yamo masika yote tangu bwawa lifungwe, na mtu mwenye bomba la kuchimbia na maabara inayofanya kazi angeweza kusoma lini mbolea iliongezeka na lini mwani ulianza kushamiri. Mpango uliopo ni kuinua tuta na kuliondoa tope. Ni kazi njema, siipingi. Ila kabla hamjaitupa kumbukumbu pekee ambayo haikuhitaji posho kuandikwa, mngetuachia walau mita chache tuzisome.

Usafishaji wa maji nao ulinipa faraja kubwa kwa miaka mingi, mpaka niliposoma. Shabu hugandisha tope likazama. Klorini huua vijidudu. Vyote viwili havigusi nitrati. Mama wa nyumbani anayechemsha maji akidhani anamaliza kila kitu, anaua vijidudu kweli, lakini mvuke unaondoka, nitrati inabaki, na maji yaliyobaki sufuriani yana nitrati nzito kidogo kuliko mwanzo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, na kikomo hicho kimewekwa kwa ajili ya mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, kwa sababu nitrati ikizidi hunyima damu yake hewa mpaka midomo inakuwa bluu. Mamlaka ya maji hupima maji ya bomba, na Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu ina vituo vyake. Mimi naomba kitu kingine: hesabu ya mlima mzima, kijito kwa kijito, masika kwa masika, ili tujue inatoka wapi kabla hatujaanza kuulizana imefika wapi.

Maana siku moja itaulizwa, Mheshimiwa. Na siku hiyo, kama hakuna hesabu, atakamatwa aliye karibu.

Aliye karibu ni Mluguru mwenye kitalu cha mboga kando ya kijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka chanzo cha maji, na kwenye mlima wenye vijito kama mishipa ya jani la mgomba, ukimtoa mkulima mita 60 kutoka kijito hiki unamwingiza mita 60 za kijito kinachofuata. Mgambo atapanda, kabeji zitang'olewa, picha zitapigwa. Wakati huohuo barabara kuu ya Iringa itaendelea kupitisha malori usiku kucha jirani na bwawa, na moshi wa injini nao una nitrojeni. Moto wa kusafisha mashamba kabla ya mvua utaendelea kuirusha hewani. Vyoo vya shimo vya mji unaopanuka vitaendelea kunyamaza. Labda kabeji ndiyo mkosaji mkuu. Labda ni choo. Hili si la kupigiwa kura: nitrojeni ya kiwandani na ya chooni hutofautiana kidogo sana kwa uzito wa atomu zake, isotopu kama wanavyoziita, na mashine zipo zinazotofautisha. Kinachohitajika ni mtu wa kupeleka sampuli na mtu wa kulipia.

Mlima huu una kumbukumbu ndefu kuhusu wataalamu wasiopima. Kwenye miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliamua udongo wa Uluguru unamomonyoka, jambo ambalo ni kweli, na dawa yake ni matuta ya ngazi, kwa lazima. Udongo mzuri wa miteremko ile ni mwembamba. Ukikata ngazi unazika ulio hai na kufunua uliokufa. Wazee waliona mahindi yakidumaa kwenye ngazi za serikali, wakasema, hawakusikilizwa. Julai 1955 Matombo ikalipuka, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, na mpango wenyewe ukafa baada yake. Nusu karne baadaye mashirika ya CARE na WWF yalikwenda Kibungo Juu, kwenye mlima huuhuu, na mpango wa kuwalipa wakulima watunze mteremko, DAWASCO, shirika la maji la Dar es Salaam la wakati huo, na Coca-Cola wakiwa wanunuzi wa huduma hiyo, na watu walewale wanaosemwa ni wabishi wakachimba matuta kwa hiari. Sijui kwa nini somo hili halimo kwenye semina elekezi.

Sasa nije kwenye fedha, maana ndiyo idara yako.

Mwaka 2006 Bara la Afrika lilijifungua mapacha. Januari, mjini Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika ziliahidi kutumia asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti. Juni, mjini Abuja, zikaahidi kupandisha mbolea kutoka kilo 8 za virutubisho kwa hekta hadi 50. Pacha wa Abuja hajafika hamsini, lakini amekua: ana ruzuku, ana daftari, ana ujumbe wa simu. Wa Khartoum alipopimwa na UNESCO mwaka 2013 hapa kwetu alikuwa na uzito wa karibu nusu asilimia, na sehemu kubwa ya maziwa yake ilitoka kwa majirani wa ng'ambo. Nadhani ni haki kuuliza nani alikuwa analea.

Vyuo havijalala. SUA, chuo kikuu cha kilimo, ipo chini ya mlima wenyewe, Mzumbe si mbali na bwawa, na vijana wa uzamili wamechota maji ya Ngerengere na kuyapima kwa uaminifu. Ila tafiti hizo nyingi zina urefu wa tasnifu: msimu mmoja au miwili, kijana anahitimu, chupa zinaoshwa. Na hapa kuna jambo ambalo Hazina peke yake inaweza kulirekebisha. Nitrati nyingi hutoka shambani na mvua kubwa za mwanzo, siku ambazo kijito kimegeuka rangi ya chai ya maziwa na bodaboda hazipandi. Masika huisha Mei. Mwaka wa fedha huanza Julai. Fedha zikitoka Septemba, mtafiti anapanda mlima juani, barabara nzuri, kijito kimetulia, anapima maji safi na kuandika ripoti safi. Kwa njia hiyo mtu anaweza kuchunguza uchafuzi miaka mingi bila kukutana nao.

Upo utafiti mmoja ambao haujawahi kukosa kasma, nao ni ule wa ukumbini. Warsha za kutunza vyanzo vya maji zimefanyika hapa mjini zenye fulana, kofia na bango, na mbele ya kila mshiriki, juu ya kitambaa cheupe, chupa ya maji ya dukani. Naona wanasayansi hao wa ukumbini tayari wana matokeo, wanasubiri tu kuyachapisha.

Au tusubiri kama Kihansi. Chura mdogo wa manjano wa maporomoko yale ya Udzungwa alijulikana kwa sayansi mwaka 1996, maji yakageuzwa kwenda kwenye mitambo ya umeme, na mwaka 2000 wengine wakapandishwa ndege kwenda bustani ya wanyama ya Bronx. Hapo ndipo fedha zilipokuja kwa wingi: za mabomba ya kunyunyizia, za wataalamu, za kumtunza mgeni New York. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini, na baadaye akarudishwa nyumbani kwa gharama kubwa. Chura wa Kihansi alipata bahati ya kuwa wa pekee duniani. Sisi watu wa Kihonda, hapa Morogoro, hatuna sifa hiyo, na sidhani Bronx watatupokea.

Kwa hiyo naomba, Mheshimiwa, kasma moja ndogo. Isiwe mradi, maana mradi una uzinduzi, na uzinduzi una mgeni rasmi. Iwe ya kawaida kama ya mafuta ya gari: chupa safi, boksi la barafu, vitendanishi visivyoisha katikati ya mwaka, mshahara wa vijana wa Mgeta na Kinole ambao wanaishi huko juu tayari na hawahitaji Landcruiser kufika, na fundi wa maabara, ili mashine ikiharibika Machi isingoje Novemba kutengenezwa. Idumu miaka kumi bila kubadilishwa jina. Ikikosekana kabisa, nina pendekezo mbadala lisilo na gharama: nitrojeni nayo iandikishwe kijijini, ipewe namba, na itakiwe kutuma ujumbe kila inapotoka shambani.

Na kama ombi la kwanza litakubaliwa, fedha zitoke kabla ya Machi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mnywa maji wa Mindu,
Morogoro.

Nakala: Mgambo wote wa kata za mlimani. Msing'oe kabeji kwanza, majibu ya Hazina bado.