Sifa za Neno la Herufi 25
Katika neema ambazo Kifaransa, lugha rasmi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kimewateremshia wanafunzi wa Kisangani, hakuna iliyo kubwa, kwa maana ya ukubwa wa kupimwa kwa rula, kuliko kielezi anticonstitutionnellement, yaani "kwa kuvunja katiba". Kinanyoosha mwandiko, kinamtuliza mtoto mtundu, na kinajaza mstari wa daftari bila kudai wazo lolote.

Lakini fadhila yake kuu ni muundo. Ubaoni hugawanywa silabi 9, an-ti-cons-ti-tu-tion-nel-le-ment, na mdomoni zinabaki 8, kwa kuwa le humezwa, hivyo mtoto anajifunza mapema kwamba kilichoandikwa na kinachosemwa si lazima vilingane. Ment, kiambishi tamati, yaani kipande kinachopachikwa mwishoni ili kivumishi kiwe kielezi, imetokana na Kilatini mente, "kwa akili". Kiingereza, chenye unconstitutionally ya silabi 7, kiliipata -ly yake kutoka neno la kale lenye maana ya mwili. Kwa hiyo Mwingereza huivunja katiba kwa mwili tu, Mfaransa huivunja kwa akili, na Mswahili, kwa silabi 7 za "kinyume cha katiba", haelezi ametumia kiungo gani. Tena ment ikisimama peke yake ni kitenzi: "anasema uongo". Kifaransa huikazia silabi hiyo ya mwisho, ilhali mdomo uliolelewa na Kiswahili, uliozoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho, huiegemea nel na kuiachia ment ipite kimya, kama abiria wa toleka, baiskeli ya kubebea watu, anayeshuka kabla ya kulipa.

Kwenye imla, anayeandika n moja badala ya mbili hukatwa alama papo hapo, bila mpatanishi wala muda wa nyongeza. Na ni haki gani hiyo, mtoto wa miaka 12 aadhibiwe kwa kukosea kuandika jambo ambalo wakubwa wanalitenda bila kukosea hata herufi! Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inampa rais muhula wa miaka 5 unaorudiwa mara moja tu, na ibara ya 220 inakataza kugusa idadi na urefu wa mihula. Muhula wa pili wa rais wa wakati huo, Joseph Kabila, ulikwisha Desemba 2016, uchaguzi ukafika tarehe 30 Desemba 2018, na ucheleweshaji huo ukaitwa glissement, "kuteleza", nomino ambayo ment yake ni ya ukoo mwingine ila tabia ni moja.

Tarehe 23 Oktoba 2024, humu humu Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alitangaza nia ya kuunda tume ya kutafakari katiba mpya. Anayechukizwa na jambo hilo huenda akalikimbilia neno refu la daftarini, lakini kisarufi atakuwa amejisumbua bure, kwani tume yenye wanasheria wazuri haina haja ya kulivunja neno hilo: inakata silabi mbili za mwanzo, na kinachobaki ni constitutionnellement, "kwa kufuata katiba", herufi 21, n zote mbili zikiwa mahali pake, na ment haijaguswa.