Meno ni ya Papa, Bombo ni za Mtaa Mzima

Hapa kwetu Kavumu mtoto ni wa wote mpaka jino limuume. Likishaanza, tena saa nane za usiku, anakuwa wangu peke yangu.

Sijui ni nani aliyepitisha kwamba mtoto hapendwi mpaka alishwe sukari. Jirani akirudi kutoka soko la Mudaka, bombo, yaani pipi. Mwalimu akifurahi, bombo. Mjomba akikosa la kusema, bombo. Harusini sisi wazazi tunaisubiri chupa moja ya sukre, yaani soda, kama mshahara, kumbe wanetu wameshazunguka nyuma ya hema na kumaliza za meza ya maharusi. Ndege zilipokuwa zinatua hapa, wageni wa Kinshasa walishuka na mifuko mingi ya pipi kuliko ya nguo. Uwanja ukanyamaza Februari 2025, vitu vikaadimika, bei zikapanda. Bombo hazikukosa njia.

Na hii ndiyo nchi ya kwinini! Miti yake imepandwa milimani kwetu, kampuni ya Pharmakina imekuwa ikiichemsha pale Bukavu, uchungu wake tunaujua hadi kwenye mifupa. Leo hata dawa ya kikohozi ya watoto ni tamu. Dawa ya meno nayo inanukia matunda, ndiyo maana mtoto wangu wa mwisho anailamba kama asali. Yule mwenye miaka sita anaipaka mswaki mzima, mwanzo hadi mwisho, kama ilivyochorwa kwenye boksi. Nimemweleza mara ngapi kwamba kwa umri wake punje ya njegere inatosha, na kwa mdogo wake punje ya mchele! Ananijibu, "Papa, mbona kwenye picha ni nyingi?" Mwenye kiwanda amemsomesha kunizidi.

Mswaki wenyewe siku hizi naufungia kabatini. Mvua ya Kavumu mnaijua, na tope lake. Asubuhi moja niliukuta mswaki wangu umelala juu ya ndoo, nywele zimetawanyika pande zote, katikati mwekundu kwa udongo. Viatu vya shule vilikuwa vinang'aa.

Nikinung'unika naambiwa nina ubahili. "Jirani, hayo ni meno ya utoto, si yataanguka?" Anayesema hivyo akicheka unaona hadi koromeo. Ndiyo, meno ya utoto ni 20 na yataanguka, lakini ya nyuma yanakaa hadi mtoto afike miaka 10 au 12, na kazi yake mojawapo ni kuwashikia nafasi wenzao wanaokuja. Ukiling'oa jino moja mapema, majirani zake wanasogea na kujaza kiwanja, kama tunavyofanyiana kwenye mipaka ya mashamba. Kuna jambo jingine ambalo daktari wa meno alilirudia mpaka nikalishika: karibu na miaka sita, gego la kudumu linaota nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka. Linaingia kimya. Watu wanadhani nalo ni la utoto, wanaliacha lioze, na ndilo mtu alilotegemea kutafunia mahindi hadi uzeeni. La binti yangu lilipochomoza, jirani yuleyule aliapa kwamba litaanguka Noeli.

Na usiku wa maumivu, wote wanaleta dawa. Huyu karafuu, huyu chumvi, mwingine tumbako. Nauli ya kwenda Bukavu, kilomita 30 hivi, hakuna aliyeileta. Wakati mwingine nawaonea wivu sokwe yatima wanaolelewa hapo Lwiro: wana daktari wao wa mifugo, wanakula matunda na majani, wala hawana mjomba.

Basi nikatunga sheria. Kwa kuwa daktari alisema kinachoharibu zaidi ni kula sukari mara kwa mara, kidogo asubuhi, kidogo mchana, mdomo usipate kupumzika, nikaamuru bombo zote zikabidhiwe kwangu mlangoni, ziliwe Jumapili tu, mara moja baada ya chakula, na usiku wapige mswaki mbele yangu. Wageni walinuna. Mama yangu, tate wa watoto, ndiye alinipa taabu zaidi, maana ghala lake ni fundo la kitenge na hakuna askari wa kulikagua. Nilipomkalisha, alinisikiliza kwa heshima yote, akasema, "Mwanangu, umesema vizuri. Jumapili tu."

Sasa wajukuu wanamuuliza yeye, kila asubuhi, leo ni siku gani. Juzi Jumatano aliwajibu kwamba ni Jumapili.