Nguo ya Kariakoo, Nguo ya Ukweni

Kariakoo haendi mtu mwenye akili zake akiwa na saa ya mkononi. Vibaka sina shida nao, ninachoogopa ni bei. Muuza viatu wa Mtaa wa Kongo anakusoma kabla hujafungua mdomo: anaanzia miguuni, anapanda hadi kwenye mkanda, anatua kidogo kwenye simu iliyotuna mfukoni, na hapo hapo bei inazaliwa. Ukiwa umechomekea utaitwa bosi, na ukishaitwa bosi jua umeshaongezewa elfu tano ya cheo. Ndiyo maana nina nguo maalumu ya Kariakoo. Ni fulana ya kampeni za uchaguzi wa zamani, sura ya mgombea imefutika yamebaki masharubu, pamoja na ndala ambazo mke wangu kila akizitupa mimi naziokota. Nikivaa hivyo naitwa "mzee wangu", napewa na kigoda.

Tatizo ni mchana wake. Asubuhi nimekuwa fukara kwa ufasaha kabisa, saa saba natakiwa ukweni, na ukweni haendi fukara. Kule kuna shati la mikono mirefu, viatu vilivyopigwa kiwi, na kile kikohozi kidogo cha mtu anayefikiria kununua kiwanja. Jioni nakutana na mwenye nyumba. Huyo ndiye mgumu kuliko wote, maana ukionekana unazo atapandisha kodi, ukionekana huna atatafuta mpangaji mwingine. Natakiwa niwe maskini mwenye dalili njema. Hebu niambieni hiyo ni nguo gani.

Wasomi wameliona hili zamani. Erving Goffman, mzaliwa wa Kanada, alikwenda kuishi Unst, kisiwa cha Shetland huko kaskazini kabisa mwa Uskoti, kati ya mwaka 1949 na 1951, akitafuta shahada yake ya uzamivu. Alichokuwa akichungulia ni jinsi watu wanavyozungumza na kuonyeshana sura, lakini kwa wenyeji alijitambulisha kama mwanafunzi aliyekuja kujifunza uchumi wa kilimo cha kisiwani. Yaani mchunguzi wa watu wanaojipamba alianza kazi kwa kujipamba mwenyewe. Mtu huyo nampenda bila kumjua.

Mwaka 1956 alitoa kitabu huko Edinburgh, akasema maisha yetu yana jukwaa na yana nyuma ya jukwaa. Mfano wake mmojawapo ni hoteli ya kisiwani hapo. Ukumbini adabu na vitambaa. Jikoni, soksi mbichi zinakaushwa juu ya birika la chai, na vidonge vya siagi vilivyorudi kutoka mezani vimepondeka vinafinyangwa upya vipelekwe kwa mgeni mwingine. Sioni cha kushangaza. Angekuja kwetu siku ya wageni angeandika juzuu tatu. Sebuleni makochi yamevishwa vitambaa, glasi za kabatini zimetoka kifungoni, kreti ya soda imekopwa dukani kwa makubaliano kwamba zisizofunguliwa zinarudi. Kisha anatokea mwanangu wa mwisho, anasimama mbele ya baba mkwe, anasema kwa sauti ya redio: "Babu, mama kasema usifungue ya pili." Watoto ni wafanyakazi wa nyuma ya jukwaa wasiojua jukwaa linaanzia wapi.

Ila kisa cha Goffman ninachokipenda zaidi ni cha milangoni. Wenyeji wa kisiwa kile, wakiwa ndani, walikuwa wanaweza kumwona jirani anayekuja kunywa chai kabla yeye hajawaona. Walikuwa wanafurahia kumtazama: anakuja na uso wake wa kawaida, uso wa baridi na madeni, na akikaribia mlango anaushusha, anapachika tabasamu. Wapo wageni walioushtukia mchezo huo, wakawa wanalivaa tabasamu tangu mbali, nyumba haijakaribia.

Sisi huku tumewapita. Kwetu tabasamu linavaliwa unaposhuka kwenye daladala, kwa sababu macho yanaanzia stendi: bodaboda, fundi viatu, mama wa genge. Anayekuja kunikopa namjua tangu kona ya msikiti. Tabasamu lake ni pana kupita ukubwa wa urafiki wetu, na "Hodi!" yake ina salamu za watu wote nyumbani kwao, mpaka mbuzi. Nami, kwa kuwa nimeshamwona, nakuwa nimeshavaa uso wa mtu aliyetoka kufiwa.

Mwaka 2000 Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake walitoa utafiti wa kututuliza. Waliwavalisha wanafunzi fulana yenye sura ya mwimbaji Barry Manilow, fulana ya kumtia haya kijana, wakawaingiza kwenye chumba chenye wenzao. Waliovaa walidhani karibu nusu ya waliomo wamemtambua huyo mwimbaji. Kumbe ilikuwa kama robo tu. Kwa hiyo, wanasema, watu hawatuangalii kama tunavyodhani. Nawaheshimu sana, ila hawajawahi kupanga Tabata. Zamani tulikuwa na rambo nyeusi, unabeba mboga ya elfu moja watu wanadhani kuku. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, mfuko mbadala unauzwa, basi matembele nayabeba mkononi na mtaa mzima unasoma. Kwetu robo haiwezekani. Kuna jirani mmoja peke yake anafikisha nusu.

Msinielewe vibaya, ufundi wa kuonekana naupenda ukifanywa na wanaoujua. Nenda studio ya pasipoti saizi yoyote uone. Ukutani limetundikwa koti moja la bluu, lenye mabega ya askari, na tai iliyokwisha fungwa fundo tangu enzi za filamu za kusafisha. Kila anayeomba kazi mtaani kwetu amepigwa picha ndani ya koti hilo. Juu mkurugenzi, chini bukta na ndala, maana picha inaishia kifuani. Watu walipoanza mikutano ya Zoom mwaka 2020 wakajiona wajanja kwa kuvaa nusu ya juu, wakati wapiga picha wetu wanatuvalisha hivyo miaka nenda rudi. Ninachojiuliza ni huyo ofisa anayepokea barua za maombi. Ameshaliona koti hilo kwa vijana wangapi? Siku hizi nadhani analisalimia.

Au mtazame mshenga anavyopanga sifa. Mwaka 1946 Solomon Asch, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwasomea watu sifa za mtu: mwerevu, mchapakazi, mwenye papara, mkosoaji, mkaidi, mwenye wivu. Wengine akawasomea sifa hizo hizo kinyumenyume, wivu ukatangulia. Waliosikia werevu kwanza walimwona ni mtu mzuri mwenye kasoro zake. Waliosikia wivu kwanza walimwona ni mtu mbaya mwenye matatizo. Mshenga aliyenipeleka mimi hakusoma popote, lakini utaratibu huo alikuwa nao kichwani. "Kijana ni msomi, ana kazi, anawaheshimu wakubwa." Akanywa maji. Akaomba wazee wamwombee dua. Akauliza habari za mvua. Ndipo akapitisha haraka haraka, kama mtu anayemeza kwinini, kwamba kijana ana kaubishi kidogo. Baba mkwe wakati huo alikuwa ameshacheka mara mbili, akasema ubishi si kitu, hata yeye alikuwa nao. Leo hii mke wangu anadai hilo la ubishi halikutajwa kabisa kwenye kikao.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Goffman alieleza kwamba mwigizaji hulazimika kuwatenga watazamaji: wanaomwona akicheza mfalme wasije kumwona akicheza ombaomba. Unst nadhani iliwezekana. Dar es Salaam kuna kamati za harusi. Kwenye kamati ya harusi wanakutana wote: baba mkwe, mwenye nyumba, bosi wa kazini, na yule binamu niliyemwambia mwezi huu sina hata ya vocha. Mweka hazina anabandika orodha kwenye kundi la WhatsApp kila jioni, jina, ahadi, kilicholipwa. Nikiahidi kidogo, ukweni wameona. Nikiahidi kikubwa, mwenye nyumba ameona, na kesho yake ananisalimia kwa heshima ya kutisha: "Shikamoo tajiri." Mtu mwenye umri wa baba yangu ananiamkia! Hapo kodi imeshapanda, bado kunitajia tu.

Basi nikaambiwa teknolojia imeleta dawa. Ukiweka picha kwenye status ya WhatsApp unaweza kuchagua nani asiione. Jumapili tulikula kitimoto mahali fulani, nikapendeza, nikataka dunia ijue. Nikaanza kuchuja. Mwenye nyumba, toka. Binamu, toka. Mweka hazina, toka haraka. Baba mkwe ni mzee wa kanisa linalokataza nyama hiyo, toka kwa heshima. Wa kazini toka, Ijumaa niliaga naumwa. Duka la jirani toka, kuna daftari. Mke wangu sikumtoa, ila alikuwa mezani pale pale, picha ya nini?

Nikarusha. Baada ya saa nzima ameiona mtu mmoja, fundi bomba wa nyumba niliyohama zamani, ambaye nilisahau hata kama namba yake ninayo. Kaiona, kaweka moyo mwekundu, kisha kaandika: "Bosi umependeza sana, Mungu azidi kukuinua. Ile elfu kumi na tano ya koki nije kuichukua leo au kesho?"