Maua Yetu Yasiyo na Waya

Wakamuaji alizeti wa Singida wakikaa kikao kirefu, wazo la hatari halikosi kuzaliwa. La kwetu lilizaliwa baada ya chai ya pili. Mwenyekiti alisema safari hii Nzuguni, kwenye Nane Nane ya Kanda ya Kati, hatupangi chupa za mafuta mezani kama genge la mtaani. Tujenge jukwaa la duara linalozunguka, juu yake yasimame maua matatu makubwa ya alizeti ya plywood, na kila ua lijigeuze lenyewe kuitazama taa itakayokuwa jua letu. Jukwaa likienda huku, ua lirudi kule. Watu watajaa bandani mpaka wakose pa kukanyaga.

Katibu ni mimi. Niliandika "limepitishwa kwa kauli moja" ingawa mama mhazini aliguna. Mguno si kura.

Ugumu wa jambo lenyewe huuoni mpaka ushike waya. Jukwaa linazunguka, mota ziko juu yake, umeme uko chini sakafuni. Ukivuta waya wa kawaida, unaanza kujisokota, unakaza, na kabla hujamaliza kumweleza mgeni faida za mashudu umeshakatika.

Akaitwa fundi simu wa Misuna, kijana mwenye mikono myepesi na maneno mepesi zaidi. Akailaza simu yake juu ya kisahani, ikaanza kuingia chaji. "Bila waya, mzee mwenyekiti." Kikao kizima kikainuka kuchungulia. Si uchawi. Koili ya kwenye kisahani inapitishiwa umeme unaobadilika-badilika, sumaku yake inapanda na kushuka, nayo koili ya ndani ya simu inaamsha umeme wake yenyewe. Jambo hilo Michael Faraday aliligundua Uingereza mwaka 1831. Ila kisahani kile kilikuwa cha wati 5. Mota zetu zilitoka kwenye waipa za magari yaliyokatwa, na moja ikibeba mzigo hula wati 40 au 50. Zote tatu, kama wati 150. Mama mhazini hakusomea umeme, amesomea madaftari ya mikopo, akauliza: "Mapato tano, matumizi mia na hamsini. Huyu anaishije mjini?"

Fundi akasema dawa ni koili kubwa. Akazisuka mbili kwa waya wa transfoma kuukuu, moja akaiweka sakafuni kwenye ukingo wa jukwaa, nyingine akaifunga juu yake, chini ya mbao. Tukawasha, tukalisukuma jukwaa. Kila koili ilipopita juu ya mwenzake, maua yalishtuka, yakageuka kidogo, yakalala tena, kama mlinzi wa usiku aliyesikia gari la bosi. Mwenyekiti akashauri tuseme ndivyo tulivyokusudia.

Koili zilitakiwa zikae katikati, zikiizunguka ekseli. Duara likizunguka juu ya duara jingine, kitovu kikiwa kimoja, umeme hautambui kama kuna kinachozunguka. Fundi akazihamisha. Safari hii ikaja harufu. Katikati ya jukwaa, kwa chini, tulikuwa tumepigilia bati la chuma, kisa lilibaki tulipojenga banda la mashine na mwenyekiti hapendi kitu kitupwe. Sumaku inayobadilika ikiingia kwenye chuma huzalisha umeme humo humo na kuumaliza kwa joto. Rangi ya kijani ikaanza kuota malengelenge. Tulitaka maua, tukapata jiko.

Bati likang'olewa, na maua yakazunguka kweli. Makofi hayajaisha, ukavuma upepo kutoka ziwa Singidani. Anayeishi hapa haulizi upepo gani. Ukayasukuma maua, mota zikakaza shingo, na mota ikizuiwa, au inapoanza kuzunguka, hutaka ampea mara kadhaa ya zile za kawaida. Wakati huo huo jukwaa likayumba, nafasi kati ya koili ikapanuka kutoka milimita chache hadi upana wa vidole viwili, umeme ukapungua pale pale ulipohitajika zaidi. Mimi hapo ndipo nilipokata tamaa na huo umeme usio na waya, kwa kazi yetu. Unafika vizuri ukiwa karibu sana, na jukwaa la plywood juu ya bearing chakavu halijui kukaa karibu. Mwenyekiti akanitajia Nikola Tesla, aliyetaka kuusafirisha mbali. Nikamkumbusha kuwa mnara wake wa Long Island ulibomolewa mwaka 1917 ili kufidia deni la hoteli. Mama mhazini akaomba hilo liingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Fundi hakuwa mjinga, tumpe haki yake. Akafunga betri ya bodaboda juu ya jukwaa: koili zichaji polepole, mota zichote kwa haraka. Mhazini akafurahi, hiyo ni akiba. Lakini betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 ina wati-saa 84 tu, haifiki saa nzima maua yakizunguka mfululizo. Yangegeuka sekunde chache kila dakika ingetosha siku nzima. Mwenyekiti akakataa katakata. Je, mgeni rasmi akipita yamelala?

Aliyetuokoa ni fundi umeme wa magari, mzee asiyependa vikao. Alisikiliza huku anakunywa uji, akachukua altaneta mbovu, akaipasua. Rota yake inazunguka na bado inapata umeme, kwa pete mbili za shaba zinazosuguliwa na vijiti viwili vya kaboni. Hata mitambo mingi ya upepo, ile yenye mota za kugeuza mapanga ndani ya kitovu kinachozunguka, hupokea umeme kwa njia hiyo hiyo. Za altaneta ni nyembamba, zimezoea ampea chache, kwa hiyo akachukua kaboni za starta, akakata pete mbili kwenye bomba la shaba, akazivika juu ya bomba la plastiki kwenye ekseli. Jioni maua yalikuwa yanazunguka, upepo ukiwepo na usipokuwepo.

Nzuguni watu walijaa. Mkulima mmoja wa Ilongero alisimama muda mrefu, mikono nyuma, akayatazama yakiifuata taa. Kisha akauliza nani katuambia alizeti iliyofunua ua inageuka. Changa ndiyo hulifuata jua na kurudi usiku. Ikikomaa hutulia, inatazama mashariki mpaka ivunwe. Ni kweli, na katika kikao kizima cha wakamuaji hakuna aliyekuwa amelisema.

Nawe ukitaka jukwaa la namna hii, kaboni za starta utazipata gereji yoyote. Uliza bei kwanza, habari za maonyesho utazitaja ukishalipa.