Mvumo katika Kibanda cha Gemu

Mvumo wa mashine ya gemu ni sauti isiyoombwa inayotoka pamoja na ile iliyolipiwa. Mashine kama ile ya Pac-Man, iliyotengenezwa Japani mwaka 1980, ilikuwa sanduku kubwa la mbao lenye kioo cha chogo, bodi, amplifaya na spika. Katika vibanda vya Kayanga, Omurushaka na Nkwenda, mkoani Kagera, viungo ni vilevile, ila kila kimoja kimetoka kwa muuzaji wake: televisheni ya chogo iliyostaafu sebuleni, PlayStation 2, amplifaya isiyo na mfuniko na sabufa. Seremala ndiye anayeviunganisha kuwa mashine moja, kwa misumari. Vikianza kuvuma, hakuna kinachokiri kosa.

Uchunguzi hauanzi kwa fundi bali kwa wateja, na kila mmoja husikia alichokizoea. Dereva wa bodaboda hutamka kwamba beringi imekufa, ingawa ndani hakuna beringi kama ya pikipiki. Mwenye mashine ya kukoboa kahawa hushauri mkanda ukazwe, na mfuga nyuki huuliza kama sanduku lina tundu. Mwenye kibanda huongeza sauti ya gemu ili mvumo usisikike. Tiba hii ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo inayochana koni ya spika, kisha mivumo ikawa miwili.

Uchunguzi wa kweli huanza na kitasa cha sauti. Sauti ikishushwa hadi sifuri na mvumo ukapungua nayo, asili yake iko kabla ya kitasa: kwenye mashine ya gemu, televisheni au waya zinazoviunganisha. Ukibaki vilevile, asili iko ndani ya amplifaya. Spika zikichomolewa kabisa na bado sanduku linanguruma, kinachovuma ni chuma chenyewe, kwa kawaida transfoma iliyolegea skrubu. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote ila ukimya, na ukimya ndio bidhaa adimu kibandani. Aliyebakiwa na dakika mbili za mechi, tena anaongoza bao moja, haoni kwa nini sauti ishushwe kwa ajili ya sayansi.

Mtuhumiwa wa kwanza ni umeme. Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera umepata umeme kutoka Uganda, kwa njia ya Masaka hadi Kyaka, hivyo ni rahisi kuutuhumu mvumo kwamba ulivuka mpaka bila karatasi. Tuhuma hiyo haina msingi. Tanzania na Uganda zote hutumia umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo wa Mbarara ni ndugu wa mvumo wa Kyerwa. Kosa huwa ndani ya amplifaya, kwenye kapasita kubwa zinazosawazisha umeme kabla haujafika kwenye bodi. Kapasita zikizeeka huvimba vichwa, huvuja, na kuachia mkoromo wa mara 100 kwa sekunde. Huo haujali kitasa kimefungwa wapi. Dawa yake ni kubadilisha kapasita kwa nyingine yenye volti zisizopungua za ile ya kwanza, ikielekezwa upande sahihi. Ikigeuzwa, mvumo huisha papo hapo, kwa mlipuko.

Waya huleta mvumo mzito zaidi, wa mara 50. Televisheni ikichomekwa soketi moja, amplifaya nyingine, na dishi likaunganishwa kwa waya wake, umeme mdogo hupata njia ya kuzunguka kati yao na kupita katika waya wa sauti. Hapo hutolewa waya mmoja mmoja, mvumo ukisikilizwa kila mara, kisha vyombo vyote huchomekwa mahali pamoja. Dalili nyingine ni mvumo unaokoma mtu anapogusa chuma cha amplifaya: hapo kuna waya wa ardhini ulioachia, au haukuwahi kuwapo. Baadhi ya vibanda hutibu kwa kumweka mchezaji aliyefungwa ashike chuma hadi zamu yake irudi. Mtu si waya wa ardhini. Umeme unaomfanya afae kwa kazi hiyo ndio unaoweza kumtupa.

Mvumo unaokuja na kupotea ghafla, kwa mapigo ya haraka, hutoka kwenye simu iliyolala juu ya amplifaya. Simu ndogo za mtandao wa zamani hutuma mawimbi kwa mafungu yapatayo 217 kwa sekunde, na amplifaya huyageuza kuwa sauti kabla simu yenyewe haijaita. Mwenye kibanda mzoefu hujua hivyo kwamba anapigiwa, na akiwa na deni la kodi hupata nafasi ya kutoka nje. Simu ikisogezwa hatua mbili, mapigo hukoma. Deni hubaki.

Televisheni ya chogo ina sauti ya peke yake. Flaibeki, inayotengeneza volti zaidi ya elfu 20 za kuangaza kioo, hutetemeka mara 15,625 kwa sekunde, na sauti nyembamba kiasi hicho husikika kwa vijana lakini huwapotea wengi wenye umri mkubwa. Ndipo mazungumzo haya hutokea:

“Fundi, kuna kitu kinapiga filimbi humo ndani.”

“Dogo, mimi nimeshika hivi vitu kabla hujazaliwa. Hakuna filimbi.”

Wote wawili wanasema kweli. Fundi mwenye busara humfanya kijana kuwa kipimo na kumuuliza filimbi inapoisha. Hata hivyo kijana hapaswi kuingiza mkono, kwa sababu kioo huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa. Mafundi wakongwe hufanya kazi hapo kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa mfukoni.

Hubaki mtuhumiwa wa msimu. Karibu na Novemba na Desemba senene huja Kagera kwa wingi na kufuata taa. Dume huita jike kwa mlio mkali usiokatika, na sanduku lenye joto na mwanga ni mahali pazuri pa kuitia. Mvumo huu hauitikii kitasa cha sauti, wala kubadilishwa kwa kapasita. Ishara yake ni kwamba hukoma sanduku likipigwa kofi, kisha huendelea pakitulia, na husikika hata umeme ukikatika. Ni kasoro pekee katika orodha hii ambayo fundi anaweza kuikaanga akaila. Kwa hiyo katika miezi hiyo kuangalia ndani kwa tochi kutangulie kununua vipuri.

Baada ya hatua hizi mvumo mwingi huwa umepata mwenyewe. Mvumo ukiondoka husikika vilivyokuwa chini yake: feni ya mashine, mvua juu ya bati, na mzazi aliye mlangoni akiita jina la mtoto ambaye alipaswa kuwa shuleni. Mabaki madogo, yanayosikika tu sikio likiwekwa kwenye spika na kitasa kikiwa sifuri, huachwa yalivyo. Kuyatafuta hugharimu zaidi ya sabufa, na hakuna mteja anayelipa kucheza kwa sauti sifuri.