Ekseli Inapolia Kati ya Rumonge na Bujumbura

Gari linapotoka Rumonge na vidumu vya mawese, magunia ya ndagala wakavu na watu wa kutosha kuanzisha kijiji, ekseli ya nyuma ina haki ya kulalamika. Kazi yako, dereva, ni kuhakikisha malalamiko hayafiki kwa mhusika. Anza na redio: iongeze. Mlio ukizidi kupenya, funga vioo vya upande wa ziwa, maana pengine ni mawimbi.

Ukifika Minago na mawimbi yangali yanakufuata, tena yanaongeza kasi kila unapoongeza wewe, kusanya maoni. Aliyebanwa juu ya gurudumu atasema ni springi, kwa kuwa ndiyo anayoijua kwa karibu. Kijana aliyewahi kusukuma gari Buyenzi kwa mafundi atasema ni difu, kwa sauti ya daktari bingwa. Mama mwenye kapu la mukeke atasema, "Mwanangu, gari hii imezidiwa." Huyo usimsikilize, hajasomea ufundi. Mjibu kwa adabu: "Ni barabara tu, mama."

Wengi huchagua difu, kwa sababu ni ghali na ugonjwa wa ghali una heshima yake. Wasikuvunje moyo wanaosema kwamba Probox isiyo foo-wili huvutwa na magurudumu ya mbele, na huko nyuma haina difu hata ya kuazima. Nunua tu. Itapendeza sebuleni.

Wapo wakorofi wanaotaka kujua. Hao husimama Mugere, abiria wakatazame jiwe la Livingstone na Stanley lenye tarehe ya 25 Novemba 1871 (wale walitoka Ujiji kwa mtumbwi, chombo kisicho na beringi hata moja), wao wakashusha mizigo, wakakaza nati za magurudumu, kisha wakatega mawe kwenye magurudumu ya mbele na kupandisha nyuma kwa jeki. Gurudumu hushikwa juu na chini, likatikiswa. Likicheza, beringi imeanza kuaga. Halafu huzungushwa taratibu, kiganja kingine kikiwa juu ya springi: beringi mbovu hutetemesha chuma hata sikio lisiposikia kitu.

Hata barabarani wana vituko vyao. Huweka gia huru penye tambarare; uvumi ukiendelea kwa mwendo uleule, injini haina hatia. Kwenye kona ya kushoto, uzito hulalia kulia, na mlio ukipanda hapo hushuku beringi ya kulia. Kabla ya kununua chochote hubadilisha nafasi za matairi ya mbele na ya nyuma: kelele ikihamia mbele, ilikuwa ya tairi tangu mwanzo, na mafundi wawili wamekosa chakula cha mchana. Wenye Hilux wana anasa zaidi. Yao ikipiga mluzi ukikanyaga mafuta na kubadili sauti ukiachia, hapo difu ina kesi kweli; ikigonga "ko!" ukitoka rivasi kwenda mbele, hutazama kwanza krosi za propela shafti. Wakifungua nati ya kumwagia oili wakakuta vipande vya chuma, si unga laini tu, hawaongezi redio tena.

Kuna swali moja ambalo fundi wa Buyenzi atauliza kabla hata hajainama. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia mitaani Rumonge, na madereva wengi waligundua kwamba gari lao ni mashua. Ekseli iliyochemka ikitumbukia majini hupoa ghafla, hewa ya ndani husinyaa, na maji hufyonzwa kupitia sili zilizochakaa. Oili ya difu hugeuka chai ya maziwa; grisi ya beringi hukimbia, kutu ikahamia. Fundi atafuta mikono kwa kitambaa, akuangalie usoni.

"Mzee, hii ilipita majini?"

"Kidogo tu," utasema, na abiria wako wote, waliokaa na miguu juu ya viti tangu Magara, watageuka kutazama upande mwingine.