Nalipa Ili Nianguke

Mjomba wangu wa Pangani alikuwa mkwezi. Alipanda minazi kwa ujira, na kazi yake kubwa ilikuwa kutoanguka. Mimi mpwa wake, niliyesomeshwa hadi nikafika London, kila Jumanne jioni natoa pauni 20 za halali ili nipande kitambaa mita 5 kwenda juu, kisha nianguke. Nilipomweleza kwa simu aliuliza, "Na mwenye kitambaa anakupa shilingi ngapi?"

"Mimi ndiye ninayelipa, mjomba."

Simu ikakatika. Mpaka leo anasema ilikuwa mtandao.

Kwanza nina ugomvi na jina. Wenyewe wanakiita hariri. Hariri gani! Ni nailoni, ndugu yake shimizi, pande refu lililokunjwa katikati na kuning'inizwa darini kwa pete ya chuma, ncha mbili zikashuka mpaka sakafuni. Sifa za mchezo huu humwendea André Simard wa Kanada, mkufunzi aliyefanya kazi na kampuni ya sarakasi ya Cirque du Soleil. Lawama nazo naomba zifuate njia hiyohiyo. Nailoni ikipita kwa kasi nyuma ya goti huunguza kama pasi, na wiki nzima ofisini nakaa miguu imenyooka kama sanamu ya dukani. Kabla ya kupanda tunapaka mikononi unga wa ulimbo wa msonobari. Utotoni tulitegea ndege kwa ulimbo. Leo ndege ni mimi.

Darasa la wanaoanza halina maneno: unapanda, unajifunga mguu, unapigwa picha, unashuka. Balaa ni darasa la kati, maana huko ndiko wanakofundisha kuanguka. Dakika mbili za kupanda, tatu za kujifunga, sekunde moja ya kuporomoka. Ukimaliza kujinasua unaambiwa, "Vizuri, sasa upande wa pili," kana kwamba upande wa pili ni wa mtu mwingine.

Maana kuanguka kwenyewe si kazi. Kazi ni kujifunga. Unaanza na ule wanaouita ufunguo wa nyonga: unapinda kiuno, unapitisha mguu, kitambaa kinakaza nyongani mpaka kinakushika hata ukiachia mikono. Halafu unauvuta mkia, yaani kitambaa kilichobaki chini yako, kizito kama ndoo ya kisimani, unauzungusha kiunoni. Mzunguko mmoja, unabiringika mara moja. Miwili, mara mbili. Mzunguko uliodhani umeuzungusha kumbe hukuuzungusha ni njia ya mkato kwenda kwenye godoro.

Hapo ndipo sauti hutoka chini: "Mpenzi, mkia wako uko wapi?"

Huyo ni mwalimu wangu, binti wa miaka 26. Kwetu ningemwita mwanangu. Huku yeye ananiita mpenzi, kama Waingereza wanavyomwita kila mtu, hata muuza samaki. Na hanisifu. Kila mwanguko mpya tunajifunga kwanza usawa wa magoti, tunaubiringika polepole tukishikilia, mara tatu, nne, mpaka achoke yeye. Juu, kabla ya kuachia, lazima nitaje kwa sauti kila kitambaa kilipo. Nikisitasita tu: "Fungua, shuka." Na ukishaachia, ole wako ushike tena katikati. Bega litakalovuta mwili mzima unaoporomoka halitakusamehe.

Nilimwona mkorofi mpaka mwezi uliopita, aliponiomba nimsaidie Jumamosi, naye angenipunguzia ada. Nikakubali kwa tamaa. Nikagundua sijui kushoto ni wapi. Nikisema "mguu wa kushoto" nikiwa nimewakabili wanafunzi, nusu wanauliza changu au chao. Nikaishia kuwapa mgongo kama imamu na maamuma. Afadhali hapo. Wakishageuka vichwa chini, hata wao hawajui mguu upi ni wa nani.

Jumamosi iliyopita mama mmoja, mwanasheria, alining'inia mita 4 juu akatangaza, "Tayari!" Nikahesabu kiunoni. Mzunguko mmoja. Tulikubaliana miwili, na mkia ulikuwa mbele badala ya nyuma. Yeye mikono ameshailegeza, anatabasamu. Mimi niko chini na mikono yangu miwili isiyo na kazi, kwa sababu mtu mzima akiporomoka hadakwi. Kilichobaki ni mdomo. Mdomo ukafunguka wenyewe: "Mpenzi, mkia wako uko wapi?"

Akauangalia. Akashika kitambaa kwa mikono yote miwili. Tabasamu likaisha.

"Fungua, shuka."

Alishuka akinuna, akaniambia alikuwa karibu kabisa kupatia. Ndiyo maneno yangu mwenyewe ya kila Jumanne. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Hawakusema kumngoja kunavyokausha koo.

Ada imepungua pauni 5, na koo nimelinunulia dawa ya pauni 6. Bado nafundisha. Anayetaka kuanguka aje Jumamosi, avae fulana yenye mikono na suruali inayofunika nyuma ya magoti, na kabla ya kuniambia "tayari" ajue mkia wake uko wapi.